Kuchuja Kokteli Zisizo na Kilevi: Vyombo na Mbinu kwa Mwandaaji wa Tabora

Kinywaji chenye pombe kali humsamehe mwandaaji makosa mengi, kwa sababu ukali wa pombe hufunika uchungu wa mbegu iliyosagwa, na mnywaji aliyefikia glasi ya tatu haulizi tena nyuzi za embe zimeingiaje kati ya meno yake. Kokteli isiyo na kilevi haina pa kujificha. Ladha yake, uzito wake mdomoni na sura yake ndani ya glasi hutokana na matunda, viungo, asali na barafu, na kila kimoja kati ya hivyo huja na kitu kisichotakiwa: makapi, mbegu, nyuzi, majani yaliyokatikakatika, wanga unaotuama chini. Ndiyo maana kazi ya kuchuja, ambayo wengi huifanya kwa haraka mwishoni, huamua kama mgeni amepewa kokteli au amepewa juisi ya nyumbani iliyopachikwa kipande cha limao ukingoni.

Maelezo haya yametokana na vinywaji ninavyoandaa kwa ajili ya harusi, sendofu na hafla za Maulidi hapa Tabora, mahali ambapo vifaa vya baa ni adimu lakini ukwaju, embe na asali havipungui. Kabla ya kushika chujio lolote, amua ni kitu gani unataka kibaki katika glasi. Mwandaaji asiyejiuliza hivyo huchuja kila kitu kwa kitambaa kile kile, akaishia na maji ya rangi nzuri yasiyo na tunda ndani yake.

Vyombo

Katika baa, vichujio vinavyotajwa zaidi ni vitatu. Cha kwanza kimo ndani ya sheka ya vipande vitatu, yaani kopo la kutikisia lenye kifuniko cha matundu na kizibo juu yake. Ni rahisi kutumia, ila matundu yake ni machache na makubwa, kwa hiyo hupitisha vipande vidogo vya barafu na huziba mara moja yanapokutana na nyama ya embe. Cha pili ni kichujio cha Hawthorne, ambacho kilipata hatimiliki mwaka 1892 mjini Boston, Marekani: ni sahani bapa yenye matundu na mkono, ikiwa imezungushiwa springi ukingoni. Springi hiyo huingia ndani ya kopo, ikajibana kwenye kuta zake na kuzuia barafu na majani, huku kinywaji kikipita katikati ya mikunjo yake. Cha tatu ni kichujio cha julepu, kilicho kama kijiko kikubwa cha duara chenye matundu. Zamani wanywaji walikiacha ndani ya glasi ili barafu iliyopondwa isiwagonge meno, na baadaye wahudumu wa baa wakakichukua kwa kuchujia vinywaji vinavyokorogwa bila kutikiswa. Kwa kazi yetu sioni sababu ya kukinunua, kwa kuwa vinywaji vingi visivyo na kilevi vina nyama ya tunda na vinahitaji kutikiswa. Fedha hiyo inafaa zaidi kununua machujio mawili mazuri ya jikoni.

Hayo mawili ndiyo yatakayofanya sehemu kubwa ya kazi. Moja liwe kubwa, lenye matundu mapana, lile linalotumika kwa juisi au tui la nazi. Jingine liwe dogo na lenye wavu laini kama chujio zuri la chai. Sokoni wauzaji huyaita yote chujio, hivyo usinunue kwa jina. Nenda na sukari kidogo ya mezani ndani ya karatasi, uimwage juu ya chujio kavu na ulitikise polepole: ikipita yote papo hapo, hilo ni la kazi ya kwanza, nyingi ikibaki juu, hilo ni la kazi ya mwisho. Litazame pia kuelekea kwenye mwanga, hasa pale wavu unapoungana na ukingo, maana machujio ya bei ndogo huanza kuachia hapo, na mbegu moja ya pasheni inahitaji upenyo mmoja tu.

Jambo la afya lisipuuzwe. Ukwaju, ndimu na pasheni vina asidi, na asidi hula madini ya zinki yaliyopakwa juu ya mabati na waya wa aina hiyo. Zinki ikiingia kwenye kinywaji kwa wingi husababisha kichefuchefu na kutapika. Nimewahi kuona waya wa kuzuia mbu dirishani ukikatwa na kugeuzwa chujio la ndoo, na ndoo yenyewe ikiwa ya bati. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki ya kuwekea chakula, na juisi chachu usiilaze katika sufuria ya alumini.

Kisha kuna kitambaa. Kinachofaa ni cha pamba, cheupe, kisicho na rangi wala nakshi. Shashi hupitisha haraka lakini huacha chembe ndogo. Bafta huchelewa lakini hutoa kinywaji safi zaidi. Marekani nzito hufaa pale tu unapotaka maji maangavu kabisa na una saa kadhaa za kusubiri. (Ukiomba mita 2 za bafta nyeupe bila maelezo, usishangae muuzaji akikupa pole kabla ya kukutajia bei.) Kitambaa kipya hupakwa wanga kiwandani ili kisimame vizuri, kwa hiyo kichemshe kwa dakika 10, ukisuuze mara kadhaa bila sabuni yenye manukato, na kila unapotaka kukitumia kiloweshe kwa maji safi na kukikamua kwanza. Kitambaa kikavu hunywa juisi yako kabla ya kuichuja.

Kutoka matundu makubwa kwenda madogo

Kanuni moja inatosha kuokoa muda mwingi: anza na matundu mapana, malizia na membamba. Anayemimina juisi nzito moja kwa moja kwenye bafta huziba kitambaa katika dakika ya kwanza, kisha huanza kukikamua kwa nguvu, na nguvu hiyo husukuma nje hasa kile alichotaka kukizuia. Makapi yakijaa kwenye chujio, likoroge polepole kwa mgongo wa kijiko bila kugandamiza, au gonga ukingo wake kwa kiganja, maana mtikisiko mdogo huyasogeza na kufungua njia. Kinywaji kikikataa kabisa kupita, mwaga makapi, suuza chujio na uendelee.

Kila tunda lina tabia yake, na hapo ndipo chujio moja lisivyofaa kwa yote.

Pasheni ndilo lililonifunza kwa aibu. Katika harusi moja nilichelewa, nikatia nyama na mbegu zote kwenye blenda na kusaga mpaka mwisho, nikiamini kwamba chujio la chai litamaliza tatizo. Mbegu zilivunjika vipande vidogo mno, vikapita kwenye wavu, na juisi ya manjano ikajaa vidoa vyeusi kama iliyonyunyiziwa pilipili manga, tena yenye uchungu unaobaki kooni. Wageni walikunywa kwa adabu. Tangu siku hiyo mbegu za pasheni haziguswi na kisu cha blenda. Weka nyama katika chujio la matundu mapana, ongeza maji kidogo, kisha zungusha mwiko mpaka utando unaozishika mbegu uachie. Mbegu zitabaki safi na nzima. Kwa kiasi kikubwa unaweza kuwasha blenda kwa mizunguko mifupi 2 au 3 ya sekunde moja, katika mwendo wa chini kabisa, ila usimwachie kazi hiyo mtu mwingine.

Tangawizi ina hila ya aina nyingine. Ukiikwaruza na kuikamua kwa kitambaa, utapata maji yanayoonekana kuwa tayari, lakini yana wanga mwingi ambao hakuna kitambaa cha kawaida kitakachouzuia. Yaache yatulie katika jagi la kioo kwa dakika 30. Tabaka jeupe litatuama chini kama chokaa, na utamimina maji ya juu taratibu bila kulitibua. Huko nako ni kuchuja, ingawa chombo chake ni subira. Wanga huo ukiachwa ndani, kinywaji huwa na vumbi ulimini na glasi huacha mstari mweupe chini.

Kwa ukwaju, gramu 250 za ukwaju uliobanduliwa maganda hutosha kwa mililita 750 za maji ya uvuguvugu. Uloweke kwa dakika 30, uuvuruge kwa mkono safi mpaka mbegu zitelezee vidoleni bila nyama, kisha uupitishe kwenye chujio pana. Hapa mgongo wa kijiko unaruhusiwa kugandamiza, kwa sababu nyama ya ukwaju ndiyo ladha yenyewe na mbegu zake ni ngumu mno kuvunjika kwa kijiko. Usiupeleke kwenye bafta. Ukifanya hivyo utabaki na uchachu mtupu.

Embe huzusha ubishi kuliko yote. Embe za kienyeji zinazojaa mitaani kwetu mvua zinapoanza zina nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye kisu cha blenda, na chujio pana huzikamata kwa urahisi. Baada ya hapo, acha. Nyama laini ya embe huipa kokteli uzito unaofanana na ule ambao pombe yenye sukari hukipa kinywaji kingine, na anayeipitisha kwenye kitambaa hubaki na maji ya manjano, huku embe lenyewe akiwapa kuku. Rozela, ambayo wengine huiita choya, haina shida kubwa: ioshe kwanza ili mchanga utoke, iloweke katika maji ya moto, kisha ipitishe kwenye chujio laini mara moja.

Kutikisa na kuchuja mara mbili

Baada ya juisi kuwa tayari, kokteli yenyewe hutengenezwa glasi kwa glasi. Tuseme unaandaa kinywaji cha ukwaju na tangawizi: weka katika kopo mililita 40 za ukwaju mzito, 10 za maji ya tangawizi, 20 za asali iliyoyeyushwa (yaani iliyochanganywa na maji, kama nitakavyoeleza kwenye sehemu ya asali) na 10 za ndimu, ongeza majani 6 ya mnanaa, ujaze barafu ya vipande vikubwa, kisha utikise kwa nguvu kwa sekunde 10 hadi 12, mpaka kopo liume vidole kwa baridi.

Sasa kuna vitu viwili unavyotaka kuvizuia, na vina ukubwa tofauti. Barafu na majani mazima huzuiwa na kichujio cha Hawthorne: kiweke juu ya mdomo wa kopo, springi ikiwa ndani, ukigandamize kwa kidole cha shahada huku vidole vingine vya mkono huo huo vikishika kopo. Ukikisukuma mbele kidogo, mwanya kati ya sahani na mdomo wa kopo hupungua na mkondo huwa mwembamba. Ukikilegeza, mkondo hupanuka. Mkono wa pili ushike chujio laini juu ya glasi, nalo likamate chembe za barafu na vipande vya mnanaa vilivyopasuliwa wakati wa kutikisa. Chembe za barafu hudharauliwa kwa sababu ni nzuri kutazama, lakini kwa joto la Oktoba huyeyuka kabla mgeni hajafika kwenye kiti chake, nacho kinywaji hugeuka maji juu na kubaki kizito chini. Kama huna kichujio cha Hawthorne, tumia sheka ya vipande vitatu pamoja na chujio la chai, na matokeo yatakuwa yale yale isipokuwa kwa kinywaji chenye nyama nyingi.

Soda au maji ya soda, takriban mililita 80 kwa kinywaji hiki, huongezwa mwishoni kabisa, moja kwa moja kwenye glasi. Soda ndani ya kopo linalotikiswa hurusha kizibo, na ile itakayosalia itapoteza gesi yake kwenye wavu.

Kuna pahala ambapo kuchuja mara mbili huharibu kazi. Nanasi likitikiswa hutoa povu zito linalopendeza juu ya glasi, na chujio laini hulivunja povu hilo. Kwa hiyo juisi ya nanasi ichujwe kikamilifu kabla ya kutikiswa, kisha baada ya kutikiswa ipitie kichujio cha springi peke yake, na funda la mwisho, ambalo hubeba povu jingi zaidi, limiminwe kwa kukisogeza kichujio nyuma. Kwa majani utaratibu ni kinyume chake, kwa sababu vipande vyake huzaliwa wakati wa kutikisa na haviwezi kuchujwa mapema.

Kinywaji kiangavu kwa maziwa

Mbinu hii huwashangaza wageni, nayo haihitaji mashine. Maziwa yakikutana na asidi ya kutosha, protini yake inayoitwa kaseini hushikana na kuwa mabonge. Mabonge hayo hunasa chembe za rangi na sehemu ya ukakasi wa chai, kisha yenyewe hugeuka kuwa chujio. Changanya mililita 600 za chai ya rangi iliyokolea na kupoa, mililita 200 za asali iliyoyeyushwa na mililita 150 za ndimu. Weka mililita 250 za maziwa yaliyochemshwa na kupoa katika jagi jingine, kisha mimina mchanganyiko wa chai juu ya maziwa, polepole. Mpangilio huu usigeuzwe, kwa sababu maziwa yakimiminwa ndani ya asidi huganda papo hapo kwa mabonge makubwa yasiyonasa kitu.

Acha kwa dakika 30 au zaidi, kisha mimina taratibu kwenye bafta iliyotandikwa ndani ya chujio pana. Maji ya kwanza yatatoka na ukungu. Usikate tamaa wala usikamue kitambaa; yarudishe juu ya mabonge yale yale, kwa upawa, bila kuyatibua, kwani tabaka la mabonge sasa limekaa sawa na litachuja vizuri kuliko kitambaa chenyewe. Yatakayofuata hutoka tone kwa tone, maangavu, ya rangi ya asali nyepesi, na mdomoni ni laini ajabu. Ipe kazi hii saa 3 au 4, au usiku mzima ndani ya friji.

Tahadhari mbili. Kinywaji hiki hakionekani kuwa na maziwa, lakini protini nyingine za maziwa zimo bado, kwa hiyo mgeni asiyepatana na maziwa ni lazima aambiwe kabla ya kunywa. Na nanasi bichi usilitumie hapa, kwa kuwa lina kimeng'enya cha bromelaini kinachovunja protini za maziwa na kuleta uchungu. Lichemshe kwanza ndipo kimeng'enya hicho kife.

Asali, na neno “isiyo na kilevi”

Asali ya misitu ya miombo huku kwetu, hasa ile ya mizinga ya magome, huja na nta, vipande vya masega na pengine mguu wa nyuki. Ikiwa baridi haipiti kwenye kitambaa chochote. Weka chupa ndani ya beseni la maji ya moto unayoweza kuvumilia mkononi, karibu nyuzi 40 za Selsiasi, na usiibandike jikoni moja kwa moja, maana harufu yake hupotea. Ikilegea, ipitishe kwenye chujio laini na kisha kwenye shashi. Halafu changanya vikombe 2 vya asali na kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, kwani asali tupu ikigusana na barafu ndani ya kopo hugandamana na kushika kwenye springi.

Lakini chujio halimalizi kila kitu. Asali mbichi hubeba hamira za asili ambazo hulala kwa sababu asali nzito haina maji ya kuzitosha. Ukiongeza maji na kuiacha penye joto, huamka na kuanza kugeuza sukari kuwa pombe. Watengenezaji wa wanzuki hutegemea jambo hilo hilo. Chembe moja ya hamira ina upana wa takriban milimita 0.005, hivyo itapita kwenye bafta na marekani pia. Mwandaaji aliyeahidi kinywaji kisicho na kilevi, kwa Mwislamu, kwa mama mjamzito au kwa dereva wa basi la maharusi, hana budi kutengeneza asali ya kuyeyusha kwa kiasi cha siku hiyo, kuiweka kwenye friji, na kuimwaga iwapo umeme ulikatika usiku kucha na asubuhi anaona mapovu madogo ukingoni. Juisi za matunda nazo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Kusafisha

Suuza machujio kwa maji mengi mara tu unapomaliza, kutoka upande wa nyuma, kabla sukari haijakauka. Nyama ya embe iliyokauka kwenye wavu haitoki bila brashi, na brashi hupanua matundu. Springi ya Hawthorne ivuliwe kwenye sahani yake kila usiku na kuoshwa peke yake. Kitambaa kisuuzwe kwa maji baridi kwanza, hasa kikiwa kimepitisha maziwa, kwa kuwa maji ya moto huigandisha protini ndani ya nyuzi. Baada ya hapo kichemshwe, kikamuliwe na kuanikwa juani, mbali na kamba ya nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya manukato. Kikianza kunuka hata baada ya kuchemshwa, kitupwe, na bei ya mita nyingine ya bafta iingizwe katika gharama za sherehe inayofuata.